Kwa nini mvua ya Kiingereza ni "heavy" na uji wetu ndio mzito

Kila msimu wa masika ujumbe wa aina moja huzunguka kwenye makundi ya simu: "Tahadhari! Kutakuwa na mvua nzito kuanzia kesho hadi Jumapili." Katika kundi moja la wazazi nililomo, mama mmoja aliuliza kwa dhati kabisa kama mvua nzito ndiyo ile ya mawe. Akajibiwa na mwenzake kuwa ni mvua ya matone makubwa, na wa tatu akashikilia kuwa ni ile inayonyesha polepole kutwa nzima bila kukatika. Nusu saa watu wakabishana juu ya mvua ambayo haijanyesha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotoa tahadhari zake kwa Kiswahili, haina utata huo: husema "mvua kubwa", na kipimo chake ni mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Aliyetutumia ujumbe alikuwa ameupata kwa Kiingereza, akakutana na "heavy rain", akageuza neno kwa neno na kusambaza.

Kosa lenyewe ni dogo, lakini limetoka kwenye shina moja na makosa mengi ninayokutana nayo katika kuhariri tafsiri, na shina hilo halielezwi vya kutosha shuleni. Tunafundishwa kuwa "heavy" ni "-zito", tunalikariri, tunafaulu mtihani, kisha maisha yote tunashangaa kwa nini Kiingereza kinakuwa na mvua nzito, foleni nzito na wavuta sigara wazito, ilhali kinakataa katakata kuwa na uji mzito.

Tuanze na istilahi mbili tu. Nomino ni neno linalotaja kitu, mtu, mahali au hali: mvua, mzazi, Tanga, usingizi. Kivumishi ni neno linaloeleza sifa ya hicho kilichotajwa: kubwa, kali, zito. Jambo la tatu halihitaji istilahi. Ni kwamba katika lugha yoyote, vivumishi na nomino huzoeana, kama vyakula vinavyozoeana kwenye sahani. Ugali huenda na mlenda, na chapati huenda na maharage au chai. Hakuna sheria ya nchi inayokataza chapati kwa mlenda, na tumbo halitakataa, lakini ukimwandalia mgeni atakutazama mara mbili. John Rupert Firth, aliyefundisha isimu katika chuo cha SOAS mjini London, chuo ambacho Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1957 kuwa neno hujulikana kwa wenzake linaoandamana nao. Mwanafunzi wake, Michael Halliday, alilionyesha hilo kwa chai na gari: Mwingereza husema "strong tea" lakini hasemi "powerful tea", na husema "powerful car" lakini si "strong car" kwa maana ileile, ingawa vivumishi vyote viwili vinahusu nguvu.

Kabla ya kuwashangaa Waingereza, tujitazame. Chukua kivumishi chetu "-kali". Tunasema jua kali, kisu kikali, mwalimu mkali, mbwa mkali, pilipili kali, pombe kali, maumivu makali, ushindani mkali, na siku hizi vijana wanasema wimbo mkali wakiwa na maana kuwa unawapendeza mno. Hakuna Mswahili anayesita kati ya kisu na mwalimu akijiuliza ukali upi unakusudiwa. Lakini mgeni anayejifunza Kiswahili, akibeba maana moja tu mfukoni, atadhani mwalimu ana makali ya kukata, au kwamba pilipili inafoka. Kwa Kiingereza kila nomino katika orodha hiyo inataka kivumishi chake: kisu ni "sharp", mwalimu ni "strict", mbwa ni "fierce", pilipili ni "hot", maumivu ni "severe". Kwa hiyo hali hii si ujanja wa Kiingereza peke yake. Sisi tunayo, ila hatuioni kwa sababu tumezaliwa ndani yake.

Ipo hata hivyo tofauti moja baina ya lugha hizi mbili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayotuangusha zaidi kuliko wingi wa maana. Kiswahili hutanguliza nomino. Ukisema "mwalimu mkali", msikilizaji ameshampata mwalimu kichwani kabla ukali haujafika, na ukali ukifika unakuta mlango uko wazi na maana imeshapunguzwa. Tena kivumishi chenyewe huvaa kiambishi cha nomino yake, kikawa mkali, kikali, makali, kama mtoto aliyevaa sare ya shule yake. Kiingereza hufanya kinyume: kivumishi hutangulia, hakibadiliki umbo, na msikilizaji mzawa hukishikilia hewani bila kukipa maana mpaka nomino itokee. Sisi, kwa mazoea ya lugha yetu, hatuna subira hiyo. Tukiona "heavy" tunaandika "zito" papo hapo, halafu tunatafuta cha kulipachika. Anayesoma Kiingereza akifikia kivumishi hana budi kuruka kwanza aione nomino, kisha arudi nyuma, kwa kuwa nomino, ijapokuwa inakuja ya pili, ndiyo yenye amri.

Sasa tulitazame neno lenyewe. "Heavy" lina undugu wa damu na kitenzi "heave", kuinua kitu kwa kujikakamua, kwa hiyo tangu asili yake zito ni kile kinachokupa kazi kukinyanyua. Gunia la mahindi la kilo 100 ni "heavy" kwa Kiingereza na ni zito kwa Kiswahili, na hapo hakuna ugomvi. Kutoka kwenye gunia, Kiingereza kikalipeleka neno hili kwenye vitu ambavyo havipandi kwenye mizani, kwa kufuata wazo la mzigo: kitu kinachokuja kwa wingi na kumwelemea anayekipokea. Mvua ikimwagika kwa wingi, paa, mitaro na mto vinabeba mzigo, ndiyo sababu ni "heavy rain", na theluji kadhalika. Magari yakijazana, barabara imebebeshwa, hivyo ni "heavy traffic". Jeshi likipoteza askari wengi limepata "heavy losses", na mfanyabiashara akitozwa fedha nyingi mahakamani amepigwa "heavy fine". Sikiliza sasa Kiswahili cha kawaida cha mambo hayohayo: mvua kubwa, msongamano mkubwa, hasara kubwa, faini kubwa. Si kimoja kati ya hivyo tunachokiita kizito tukiwa tunazungumza bila kufikiria Kiingereza. Lugha yetu inaona ukubwa mahali ambapo wenzetu wanaona mzigo.

Mpwa wangu, aliye kidato cha pili, aliniletea daftari la insha ambamo sentensi "The rain was very strong" ilikuwa imepigwa mstari mwekundu bila maelezo yoyote. Pembeni, kwenye mstari wa chini yake, "strong wind" ilikuwa imepewa alama ya vema.

"Mjomba, kwa nini upepo uwe 'strong' na mvua ikatae? Si vinakuja pamoja?"

Nilimjibu kuwa mvua inamshukia mtu kutoka juu na kumwelemea, wakati upepo unamsukuma. Mwenye kusukuma anahitaji nguvu, mwenye kuelemea anahitaji uzito, na kwa hiyo hata mkondo wa maji baharini ni "strong current". Akaridhika, nami nikaridhika, mpaka nilipokumbuka kuwa wavuvi wa Kiingereza huiita bahari iliyochafuka kwa mawimbi "heavy seas", na mawimbi yale yanasukuma kuliko upepo wowote. Maelezo ya namna hii ni kamba ya kufungia kumbukumbu, na yanafaa sana kwa kazi hiyo, lakini asije mtu akayageuza kuwa sheria.

Ukitaka kuona jinsi sheria inavyokwepa, tafuta vinyume. Kinyume cha "heavy" kwenye mizani ni "light", yaani nyepesi, na mvua inakubali: "light rain" ni manyunyu au mvua ndogo. Foleni inakubali, mlo unakubali, usingizi unakubali. Halafu njoo kwenye upepo, ambao tumesema unakataa "heavy" na kutaka "strong". Kinyume cha "strong" kwenye chai ni "weak", dhaifu, kwa hiyo mtu angetarajia upepo mdogo uwe "weak wind". Siyo. Upepo mdogo kwa kawaida ni "light wind". Upepo umekataa uzito lakini umekubali wepesi! Lafudhi nayo, ambayo inaweza kuwa "heavy accent" au "strong accent" bila tofauti kubwa, ikipungua inakuwa "slight accent". Ndiyo maana nashauri mwanafunzi aandike daftarini jozi nzima na kinyume chake, badala ya kuandika kivumishi peke yake na mstari wa kuunganisha na "-zito".

Kundi linalochekesha zaidi, na linalozaa makosa yanayoonekana hadharani, ni lile la watu. Niliwahi kuona maandishi ya tafsiri chini ya filamu yakimtambulisha mhusika kuwa "mvutaji mzito", na kwenye skrini alikuwapo kijana mwembamba kama ufito. "Heavy smoker" ni mtu anayevuta sigara nyingi, "heavy drinker" ni anayekunywa pombe kupindukia, na "heavy sleeper" ni yule ambaye hata jogoo, adhana na kengele ya kanisa vikishirikiana haamki. Hapa kivumishi kimesimama mbele ya mtu, lakini hakimhusu mtu. Kimempita na kuingia kwenye kitendo kilichofichwa ndani ya nomino: kuvuta, kunywa, kulala. Jaribio la kulithibitisha ni rahisi. Geuza jozi iwe sentensi. "The rain is heavy" inabaki na maana ileile. "The smoker is heavy" inabadilika papo hapo na kuwa habari ya mwili wa mtu, kwamba mvutaji huyo ana kilo nyingi.

Na hili pia tunalo nyumbani. Ukiambiwa kuwa fulani ni mwimbaji mzuri, je, ana sauti nzuri au ana sura nzuri? Mara nyingi tunaelewa kuwa anaimba vizuri, uzuri umepita kwa mtu ukaenda kwenye kuimba, ingawa nimesikia watu wakilitumia neno hilohilo huku macho yao yakisema jambo jingine. Kwa usingizi, hata hivyo, Kiswahili kimechagua njia safi zaidi: hatuna "mlalaji mzito", tuna mtu mwenye usingizi mzito, kivumishi kimewekwa penye sifa yake. Nadhani hapa tumewazidi.

Mambo yangekuwa mepesi kama "-zito" na "heavy" yangekuwa mageni kabisa kwa kila mmoja. Shida ni kwamba yanakutana mara nyingi kiasi cha kutudanganya. Chakula kizito ni "heavy meal", jukumu zito ni "heavy responsibility", silaha nzito ni "heavy weapons", mawingu mazito ni "heavy clouds". Ukishapata nne zinazolingana, ya tano unaiandika ukiwa umefumba macho, na hapo ndipo unapoanguka, kwa sababu "-zito" letu nalo lina safari zake ambazo "heavy" haikwenda.

Safari ya kwanza ni kwenye vitu vilivyoshikamana: uji mzito, mchuzi mzito, ukungu mzito, giza zito. Kwa Kiingereza uji huo ni "thick", neno ambalo hutumika pia kwa kitabu kinene, na mgeni akiambiwa "heavy porridge" atadhani unazungumzia uji unaomkalia mtu tumboni. Safari ya pili ni ya ucheleweshaji. Tunasema mtu mzito wa kuelewa, na Musa katika Biblia ya Kiswahili anamweleza Mungu kuwa ulimi wake ni mzito. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inampa Musa ulimi wa polepole, "slow tongue". Kiebrania cha asili kimetumia neno la uzito kama sisi, kwa hiyo hapa Mwebrania na Mswahili wameelewana huku Mwingereza akizunguka njia nyingine. Safari ya tatu ni ya uzito wa jambo: tuhuma nzito, hoja nzito, maneno mazito. Kwa Kiingereza tuhuma hizo ni "serious", na mwandishi wa habari anayezipeleka ng'ambo zikiwa "heavy allegations" ataeleweka kwa shida.

Moyo unahitaji tahadhari yake. Tangazo la msiba la Kiingereza huanza na "with a heavy heart", nasi sasa tunaandika "kwa moyo mzito" tukimaanisha huzuni. Lakini mtu akikuambia ana moyo mzito wa kumkopesha shemeji yake, hana huzuni yoyote. Anasita, hataki fedha zake zitoke. Maana zote mbili zinatumika leo, na muktadha huziamua, ila mimi kwenye tangazo la msiba bado ninaandika "kwa masikitiko makubwa", ambayo haiwezi kumfanya msomaji adhani kuwa familia inasitasita kuzika.

Mahali ambapo jambo hili linaacha kuwa la kuchekesha ni kwenye karatasi za afya. Kipeperushi kimoja nilichopewa kukisoma kilikuwa na kichwa "Hedhi nzito", kutoka "heavy periods". Kwa Kiingereza maana yake ni kutokwa na damu nyingi kuliko kawaida. Kwa Kiswahili damu nzito ni damu iliyoshikamana, kama mchuzi mzito. Mwanamke anayebadilisha pedi kila saa kwa damu nyingi iliyo nyepesi angesoma kichwa kile, akasema "yangu si nzito", akakiweka pembeni. Tulibadilisha kikawa "Kutokwa na damu nyingi wakati wa hedhi". Ni kirefu, kinachukua mistari miwili, na mchoraji wa kipeperushi alilalamika, lakini kinasema kinachotakiwa kusemwa.

Wataalamu nao wana "heavy" yao, na hapa neno hurudi kupimwa. "Heavy water", maji mazito, ni maji ambayo haidrojeni yake ni ya aina iitwayo dyuteri, iliyogunduliwa na Mmarekani Harold Urey mwaka 1931, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1934. Ukijaza chupa mbili zinazolingana, ile ya maji mazito itazidi kwa takriban asilimia 11, lakini kwa macho ni maji kama mengine, yanamiminika vilevile, wala hayana uzito wa uji. Nchini Uingereza "heavy goods vehicle" ni gari la mizigo ambalo uzito wake unaoruhusiwa unazidi tani 3.5, na katika ndondi za kulipwa bondia wa "heavyweight", tunayemwita wa uzito wa juu, ni wa zaidi ya pauni 200, karibu kilo 91. Jikoni kuna kichekesho: Marekani malai yenye mafuta asilimia 36 au zaidi huitwa "heavy cream", na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, kikombe cha malai hiyo "nzito" kina uzito mdogo kidogo kuliko kikombe cha "light cream".

Kuna dhana ambazo hazitoki hata baada ya maelezo yote haya. Wapo wanaodhani kuwa "strong rain" ni kosa la sarufi. Sarufi haina neno hapo, kwani kivumishi kimetangulia nomino kama kinavyotakiwa, na Mwingereza ataelewa. Kilichokiukwa ni mazoea, na mazoea hayaandikwi kwenye kitabu cha kanuni. Wapo pia wanaosema kuwa ukieleweka inatosha. Sokoni inatosha kabisa, na sina ugomvi na mtu anayeuza embe kwa Kiingereza cha kubahatisha. Lakini kwenye tahadhari ya mafuriko au maelezo ya dawa, mtu anayelazimika kukisia anaweza kukisia vibaya. Wengine huamini kuwa kamusi ya maana itawatatulia, wakati kamusi nyingi ndogo za Kiingereza na Kiswahili hutoa maana ya mizani kwanza na kuishia hapohapo. Kinachosaidia ni kusoma mifano. Ukiandika jozi nzima ndani ya alama za kunukuu kwenye mtandao wa kutafutia, utaona mara moja kama wenye lugha wanaitumia, na katika hazina za matini, yaani mikusanyo mikubwa ya maandishi halisi, kama ile ya Uingereza yenye maneno milioni 100, mtu anaweza kuona nomino zote zinazoandamana na "heavy" zikiwa zimepangwa kwa wingi wake.

Maneno yakishazoeana sana huweza hata kuacha kuwa mawili. "Mja mzito" ilikuwa nomino na kivumishi chake, na leo tunaandika mjamzito bila nafasi katikati, wala hakuna anayefikiria mizani. Na jozi ya Halliday ilifika kwetu kwa njia yake yenyewe. Chai isiyotiwa maziwa, ambayo wengi Tanzania wanaiita chai ya rangi na wengine pwani ya Kenya wanaiita mkandaa, ina jina jingine, sturungi, ambalo kwa kawaida huhusishwa na "strong tea" ya Waingereza. Kivumishi kilivuka bahari, chai ikaachwa njiani, na maana ikabadilika: kwa Mwingereza "strong tea" ni chai iliyokolea majani, na anaweza kabisa kuitia maziwa. Agiza sturungi kwenye mgahawa wowote mdogo wa Mombasa na unaweza kuletewa kikombe cha chai nyepesi hivi kwamba unaona ua lililochorwa chini yake, nawe utaipokea, utaomba sukari, na hutamwambia mwenye mgahawa kuwa hajakuletea ulichoagiza.